Njia Rahisi ya Saboti

Sellah ndiye aliyemnunulia mumewe viatu vya kutembelea. Alivichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Kitale, akavikunja soli, akachungulia ndani, akabishana na mwuzaji mpaka wote wawili wakaishia kucheka. Daktari alikuwa amemwambia Wakhungu kwamba presha yake imepanda, na kwamba mwanamume anayeshinda ameketi nyuma ya kaunta ya agroveti, akiuza mbegu na dawa ya kupe, anajichimbia kaburi akiwa kitini. "Tembea, mzee," daktari alisema. "Hata tafuta mbwa akutembeze." Wakhungu aliyaacha maneno hayo mlangoni pa kliniki. Sellah aliyabeba mpaka nyumbani. Alileta viatu, kisha akaleta mbwa, mtoto wa kahawia mwenye sikio moja jeupe, aliyetolewa na mteja wa Kiminini ambaye Sellah alikuwa amemshonea nguo za harusi. Wakamwita Soja.

Basi Jumamosi zikawa za Wakhungu na Soja. Chai ikishanyweka, mbwa anaruka nyuma ya pikapu, na hao, wanashika njia ya Saboti. Huko, Wakhungu alisema, aliacha gari sokoni na kupanda kwa miguu hadi kwenye maporomoko ya maji yaliyo chini ya msitu wa Mlima Elgon. Alirudi jioni viatu vina matope, uso umechangamka, mkononi ana maparachichi au kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. "Watu wa huko ni wakarimu," alieleza. "Kuna mzee hunikaribisha." Na presha ilishuka kweli. Sellah alimshukuru Mungu, na kwa kuwa hakulelewa kula vya watu bila kurudisha, kila mara kibuyu kilipokuja alikijibu. Alipika mandazi ya iliki, akayafunga kwa kitambaa safi. "Mpelekee yule mzee," alimwambia mumewe. "Usiende kwa watu mikono mitupu."

Si kwamba hakutaka kwenda naye. Alitaka sana. Alikuwa fundi wa nguo, siku nzima mguu juu ya cherehani, na Jumamosi alitamani kuona kitu kisichokuwa na pindo. Lakini aliwahi kuteleza kwenye ngazi za duka lake akaumia goti, na tangu hapo goti hilo lilikuwa likimkumbusha kila mvua inapokaribia. Kila alipogusia safari, Wakhungu alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mama Pauline, huko si kwa mtu wa goti. Kuna mahali unashika mizizi kwa mikono ndio upande. Mawe yanateleza. Mimi mwenyewe siku ingine natetemeka."

"Na mtoto je? Pauline anataka kwenda."

"Ati Pauline? Akianguka pale tutamwokota kwa gunia."

Sellah aliogopa, akaacha kuuliza, na miaka ikapita hivyo. Kanisani aliwaambia wenzake, kwa fahari asiyoificha, kwamba mumewe hupanda mlima ambao vijana huuogopa.

Mwaka huu, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, kanisa lao likatangaza matembezi ya familia. Aliyeyapanga ni kijana wa Saboti aitwaye Nehemiah, mwalimu wa kwaya, mtu mwembamba wa maneno mengi. Alisimama mbele ya waumini akasema watatembea pole pole hadi kwenye maporomoko, wale chakula, waimbe, warudi. Watoto waje, nyanya waje, na mwenye mbwa amlete bora awe amechanjwa na amefungwa kamba.

"Maporomoko gani hayo?" Sellah aliuliza baada ya ibada.

"Ni yale tu ya Saboti, Mama. Hakuna mengine."

Jumamosi hiyo Wakhungu alikuwa na mkutano wa wauza mbegu huko Moi's Bridge, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Soja alibaki nyumbani. Sellah hakumwambia mumewe neno. Alikuwa na mpango wake mdogo wa furaha. Alitaka jioni Wakhungu akirudi amkute amekaa barazani, ameweka mguu juu ya kigoda, amwambie, Nimepanda mlima wako. Nimeshika ile mizizi. Alikanda unga wa chapati akiwaza vile mumewe atakavyoshika kichwa. Alimeza dawa ya maumivu kabla hata ya kuumia, akachukua fimbo ya marehemu mama mkwe wake, akamkabidhi Pauline kamba ya Soja, wakaenda.

Kutoka sokoni Saboti njia iliingia kati ya mashamba ya mahindi ambayo yalikuwa yameanza kukauka majani ya chini. Ilikuwa njia pana, ya kupita mkokoteni. Upande mmoja alizeti zimegeuza nyuso, upande wa pili ng'ombe wa maziwa wanatazama watu kama watu wanavyotazama harusi. Mlima ulikuwa umevaa wingu begani. Watoto walikimbia mbele, wakarudi, wakakimbia tena. Mbwa walinusana na kusahauliana. Waruguru, jirani yake Sellah mwenye mwili mkubwa kuliko wote, alitembea na ndala, akila mahindi ya kuchoma, akisimulia habari za dada yake bila kukatika pumzi.

Sellah alikuwa akingoja. Alishika fimbo kwa nguvu, akiangalia mbele mahali mizizi itakapoanza. Walivuka kijito juu ya daraja la magogo lililokuwa na kishikio. Walipita chini ya miti mirefu ambamo mbega walikuwa wakiruka na mikia yao myeupe, watoto wakapiga kelele, wakaendelea. Njia ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, kama mtu anayepumua usingizini.

"Nehemiah," aliita mwishowe. "Pale pabaya ni wapi?"

"Pabaya gani, Mama?"

"Pale pa kushika mizizi. Pa mawe."

Nehemiah alicheka. "Hakuna mahali kama hapo. Hii njia nyanya yangu hupitia akienda kanisa, na yeye haoni vizuri."

"Labda kuna njia ingine. Mzee wangu hupitia ile ngumu."

"Mama, mimi nimezaliwa hapa. Njia ya maporomoko ni hii tu."

Sellah alisema "Aa," akaendelea kutembea. Goti halikuwa linauma. Hilo ndilo lililoanza kumsumbua. Kila hatua isiyouma ilikuwa kama mtu anayemnong'oneza jambo ambalo hataki kulisikia. Alijiambia labda Wakhungu huvuka msitu kwa upande wa juu. Labda alimwogopea tu, mume anayempenda mkewe hukuza hatari. Alijiambia hayo mpaka walipofika kwenye ua mrefu wa michongoma, ambapo kijinjia chembamba kiliachana na njia kubwa na kuteremka kulia.

Hapo Soja aligeuka mbwa mwingine. Alikuwa ametembea kwa adabu safari nzima. Sasa aliinua masikio, akalia kwa sauti nyembamba, akavuta kamba mara moja tu, ikamtoka Pauline mkononi. Akateremka kile kijinjia bila kunusa wala kusita, jinsi mtoto anavyokimbia akiliona lango la kwao.

"Soja! Mama, Soja ametoroka!" Pauline akamfuata mbio, na Sellah akamfuata Pauline, akiwapungia wengine mkono waendelee.

Chini kulikuwa na nyumba safi ya mabati, geti la mbao lililoachwa wazi, tangi la maji, na maua ya mageranium kwenye makopo ya rangi. Soja alikuwa ameshafika penye tangi, anakunywa maji kwenye karai la zamani, mkia unapiga huku na huku. Msichana mdogo, umri wa kuanza chekechea, alikuwa amemkumbatia shingo.

"Bosco amekuja!" mtoto alipaza sauti kuelekea nyumbani. "Mama, Bosco amekuja!"

Na mbwa, kwa jina hilo, aligeuza kichwa akamlamba shavu.

Pauline alicheka. "Anaitwa Soja," alimwambia. "Si Bosco."

Mtoto hakumjali. Alitazama geti, akamtazama Sellah, akatazama tena geti. "Na Baba ako wapi?"

Sellah alikuwa akiangalia gauni la mtoto. Lilikuwa gauni la manjano, lenye bata watatu wadogo waliotariziwa kifuani kwa uzi mweupe, na bata wa mwisho amegeuka nyuma. Bata huyo Sellah alimgeuza makusudi, kwa mchezo, ili mtoto atakayelivaa apate cha kuuliza. Alilishona kabla ya Pasaka. Edah, dada mkubwa wa Wakhungu, alikuja kutoka Bumula na uzi wenye mafundo, fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu, akasema ni vipimo vya mtoto wa jirani asiye na mama. Sellah aliposikia mtoto hana mama, alilaza kazi za wateja pembeni. Alishona kwa kitambaa kizuri kuliko vyote dukani.

Aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto. "Unaitwa nani, mrembo?"

"Nasike."

Lilikuwa jina la mama mkwe wake. Mama mkwe huyo Sellah ndiye aliyemlaza nyumbani kwake Kitale, akamlisha uji kwa kijiko, akamwosha mpaka siku alipokata roho mikononi mwake. Kwa Wabukusu jina la marehemu haliokotwi njiani. Mtu wa ukoo huja, hukaa, hutaja jina juu ya kichwa cha mtoto. Sellah alilijua hilo, na alijua ni nani katika ukoo ule mwenye kazi hiyo.

Mwanamke alitoka jikoni akifuta mikono yenye unga. Alikuwa kijana kuliko Sellah, si sana, mrefu, kichwani amefunga kitambaa cha buluu. "Karibuni," alisema kwa uchangamfu. "Mmepotea? Watu wa maporomoko hupitia huko juu." Kisha akamwona mbwa. Akamwona mbwa, akaiona kamba iliyokuwa ikiburutwa, akamwona Pauline, ambaye paji lake la uso na nyusi zake zilizokutana zilikuwa za Wakhungu mtupu. Mikono yake ikaacha kufuta.

"Pauline," Sellah alisema, "nenda na huyu mtoto muangalie maua. Chukua na mbwa."

Wasichana walipoondoka, wanawake wawili walibaki wametazamana. Aliyeanza ni mwenyeji, kwa sauti ya chini.

"Wewe ni mama Pauline."

"Ni mimi. Na wewe?"

"Vivian. Vivian Jepkemboi." Alifuta tena unga mikononi. "Alisema mliachana. Ati ulirudi kwenu Bungoma kitambo, ukaolewa huko."

"Nimelala naye jana nyumba moja."

Vivian alishika nguzo ya jikoni. "Dada yake alikuja hapa," alisema, kana kwamba anamwita shahidi. "Edah. Alikaa kwa hii kiti. Nikamwuliza yeye mwenyewe, si nidanganywe, huyu mtu ako na bibi? Akaniambia hapana. Akambariki mtoto."

Sellah aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumchukia mwanamke huyu, na alijua kumchukia kungempumzisha moyo, lakini chuki haikupata pa kukaa. Dirishani, juu ya meza, aliona kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri. Kilikuwa kimoja kati ya vile alivyofungia mandazi.

"Yalikuwa matamu?" aliuliza.

"Nini?"

"Hakuna. Tulifuata mbwa tu. Asante kwa maji yake."

Soja hakutaka kuondoka. Pauline alivuta, akabembeleza, mbwa akalala chini penye kivuli chake cha kawaida. Ikabidi Vivian mwenyewe amshike kamba na kumsindikiza mpaka getini, uso wake umegeukia pembeni, machozi yakishuka bila sauti. Nasike aliwapungia mkono. "Mwambie Baba alete ile mpira!" alimwambia Pauline.

Wangeweza kurudi sokoni hapo hapo. Sellah aliwaza hivyo. Lakini chapati za watu zilikuwa kwenye kapu lililobebwa na Waruguru huko mbele, na Pauline alikuwa akimtazama usoni kwa macho ya kupima. Basi akapanda tena kijinjia, akashika njia kubwa, akatembea. Maporomoko yalikuwa mazuri. Maji yalishuka kama pazia lililosahauliwa na mwenye nyumba, na watoto waliingia miguu wakapiga kelele kwa baridi. Kila jiwe lililozunguka pale lilikuwa limelainishwa na makalio ya watu wa vizazi, wazee na watoto wachanga. Sellah aliketi juu ya moja. Alikuwa amefika mahali alipotamani kufika kwa miaka yote ile, naye hakuweza hata kuonja hewa yake.

"Mama Pauline atuombee chakula," mtu alisema.

Akasimama. Watu walifumba macho. Alimshukuru Mungu kwa njia salama, kwa watoto, kwa mikono iliyopika. Alipofika mahali pa kuwaombea wale ambao hawakuweza kuja, alipapita tu. Akasema amina. Kisha akala, akacheka Waruguru alipochekesha, akamfuta mtoto wa mtu kamasi. Hakuna aliyegundua chochote. Alishangaa jinsi kuficha kulivyo kazi nyepesi, na akawaza kwamba huenda Wakhungu naye alishangaa hivyo hivyo Jumamosi ya kwanza.

Wakhungu alirudi kutoka Moi's Bridge jua likiwa bado juu ya paa la jirani. Sellah alikuwa amempeleka Pauline kwa Waruguru asukwe nywele. Alikaa barazani, kama alivyopanga asubuhi, lakini hakuweka mguu juu ya kigoda.

"Mmeshindaje?" Wakhungu aliuliza akivua koti. "Mbona Soja ana matope?"

"Tulikuwa Saboti. Na watu wa kanisa."

Alisimama koti likiwa limetoka mkono mmoja. "Saboti? Na hiyo goti yako?"

"Goti halikusema kitu. Njia ni laini, Baba Pauline. Waruguru alitembea na ndala."

Wakhungu alikaa kwenye ukingo wa baraza, akampa mkewe mgongo.

"Nasike anataka ile mpira," Sellah alisema.

Mabega ya Wakhungu yalishuka. "Ningekuambia."

"Lini?"

"Ilianza na mvua. Ilininyeshea kule juu, nikaingia kwake kujikinga. Sikuwa na mpango, Sellah. Haki ya Mungu."

"Na mvua hiyo miaka yote haijaisha?"

"Usinifanyie hivyo." Aligeuka, na machoni pake kulikuwa na kitu ambacho Sellah hakukitarajia, manung'uniko ya mtu aliyeonewa. "Si wewe ndio ulinituma nitembee? Mimi nilikuwa kwa duka yangu nimetulia. Wewe ndio ulileta viatu, ukaleta mbwa, kila Jumamosi unanisukuma nje."

Sellah alimtazama mtu huyu. Alikuwa amezaa naye, na uzazi ule ulimwondolea kizazi, amemzika mama yake, amemlinda asife. Angeweza kuvumilia aibu yake, hata machozi yake. Hakujua kwamba afya aliyompa ingerudishwa mbele yake kama shtaka.

"Ulimwambia nimeolewa Bungoma," alisema polepole. "Uliniondoa kwangu nikiwa nimekaa ndani."

"Nilisema tu hivyo ili..."

"Na Edah akaapa kwamba ni kweli."

Sellah aliingia ndani akaanza kukunja shuka za kitanda cha wageni, akamtandikia huko.

Jumatatu alifunga duka akaenda Bumula. Bungoma mjini miguu yake ilimpeleka yenyewe dukani, akanunua mkate na sukari, kwa sababu hakuwahi kufika kwa Edah mikono mitupu. Alipovishika akajiuliza anamnunulia nani sukari, lakini tayari alikuwa ameshalipa, akavibeba.

Edah alikuwa nyuma ya nyumba akimenya njugu. Alikuwa mjane mnene mwenye kicheko cha karibu, na Sellah alimpenda kuliko alivyowapenda dada zake wa kuzaliwa. Siku ile hospitalini, walipomwambia Sellah kwamba hatazaa tena baada ya Pauline, Edah ndiye aliyepanda kitandani akalala naye, kiatu na yote, mpaka muuguzi akamfukuza.

"Mulembe, wifi! Yaani unakuja bila hata kupiga simu!" Aliinuka, njugu zikamwagika. Kabla Sellah hajakaa, Edah alikuwa ameshamwita mtu wa kumshika jogoo, na maji yakawekwa motoni. Walizungumza habari za mahindi, za bei ya mbolea, za mkutano wa kina mama. Harufu ya kuku ilianza kutoka.

"Wifi," Sellah alisema, "yule mtoto wa jirani. Lile gauni lilimtosha?"

"Lilimtosha sana. Ungeona alivyofurahi."

"Nimeona. Kwapani nilibana kidogo. Anakua haraka, Nasike."

Edah alikuwa ameshika njugu moja. Hakuimenya, hakuiweka chini.

"Umefika huko," alisema mwishowe.

"Nimefika."

"Wifi, sikiliza. Mimi ningefanya nini? Nilipata habari mtoto ameshazaliwa. Ni damu yetu. Mama alikuwa ananijia kwa ndoto, anataka jina lake lirudi nyumbani, na wewe Mungu alikuwa amefunga..." Alijikata. "Sikutaka uumie. Nilikuwa nakulinda."

"Vivian alikuuliza kama kuna bibi."

"Ningesema yuko, angemfukuza Wakhungu, mtoto apotee. Ni ndugu yangu."

"Na mimi?"

"Wewe ni wifi yangu. Unajua nakupenda."

Sellah alijua. Hapo ndipo palipouma. Kama Edah angekuwa adui, safari hii ingekuwa fupi.

"Kumfichia ndugu yako siri ningekuelewa," alisema. "Damu ni damu. Ungekaa kimya tu, Edah, leo ningekuja hapa tulie pamoja. Lakini ulinishonesha. Ulikuja kwa duka yangu na uzi, ukakaa kwa kiti yangu ukanywa chai yangu, ukaniambia mtoto hana mama. Nikamlilia huyo mtoto nikishona. Na wewe unaniangalia tu."

Edah alianza kulia kwa kwikwi, kinywa kikiwa kimezibwa kwa upande wa leso. "Nilitaka mikono yako imguse," alisema. "Nilifikiri siku ingine mkijuana, itakuwa umeshaanza kumpenda."

Inawezekana ilikuwa kweli. Sellah aliigeuza kauli hiyo moyoni, akaona kwamba hata ikiwa kweli haibadilishi kitu. Alisimama.

"Kuku ako karibu kuiva," Edah alisema kwa hofu. "Wifi, usifanye hivyo. Usitoke hapa bila kuonja. Hata kipande tu." Kwao kuchinjiwa kuku na kuondoka kabla hajapakuliwa si jambo dogo. Ni neno la kukataa undugu, na likishatamkwa watu hulibeba mpaka matangani. Sellah alilijua neno hilo. Akajifunga leso yake vizuri kiunoni, akasema, "Bakia na amani," akatoka kwa njia ya mbele, ambako majirani wangemwona.

Wazee wa ukoo walikuja Kitale mwezi uliofuata. Walisema yale wazee husema: kwamba mtoto hatupwi, kwamba mke mkubwa ni yeye, kwamba nyumba haivunjwi kwa hasira. Sellah aliwapikia, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia mtoto ni wao na wasimkatae, bali yeye hawezi kulala na mtu aliyekwisha kumwozesha kwingine kwa mdomo. Wakhungu alihamia chumba cha nyuma ya agroveti. Nehemiah alimletea habari, bila kuulizwa, kwamba Vivian naye alifunga geti. Kwamba Wakhungu huruhusiwa kumwona mtoto mchana, nje, penye tangi, na halafu aende. Sellah hakufurahi kusikia wala hakuhuzunika. Edah hupiga simu kila Jumapili. Sellah huipokea, humjulia hali, hukata. Kicheko chao cha zamani hakijarudi, na yeye haoni kitarudi wapi.

Jambo moja lilibaki, nalo ndilo aliloliogopa zaidi. Alimwita Pauline jioni moja dukani, akamkalisha juu ya marobota ya vitambaa, akaanza kwa mbali: kwamba watu wazima hukosea, kwamba yule mtoto mdogo wa kule Saboti...

"Ni dada yangu," Pauline alisema.

"Nani amekuambia?"

"Si aliuliza Baba ako wapi. Na nilimwona anafanana na mimi." Alikuwa akichezea utepe wa kupimia, anauzungusha kidoleni, anaufungua. "Nilijua siku ile ile."

"Na hukusema kitu? Wiki zote hizi?"

"Ulikuwa unacheka pale kwa maporomoko. Nikadhani hutaki tuseme."

Sellah alimvuta akamkumbatia juu ya vile vitambaa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alilia, kwa sauti, mpaka mwenye duka la karibu akachungulia mlangoni akarudi. Hakulia kwa ajili ya Wakhungu wala Edah. Alimlilia mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye naye, kwa mapenzi, alikuwa ameanza kumficha mama yake mambo.

"Usinifiche tena," alisema alipoweza kusema. "Hata kama nacheka. Umesikia?"

"Nimesikia." Pauline aliukunja ule utepe. "Na wewe pia usinifiche."

"Na mimi pia."

Nje watu walikuwa wakifunga maduka, vyuma vya milango vikigongana mtaa mzima. Pauline alijifuta uso kwa kiganja, kisha akauliza kama anaweza, siku moja, kumpelekea Nasike ule mpira, maana inaonekana Baba amesahau. Sellah alisema hajui. Alisema Pauline ampe muda. Akainuka akaanza kukunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakosea kukikunja, akaanza upya.